Piko Mkiani mwa Mwali

Somoe binti Mwinjuma hakusomea nyoka. Alichosomea, kama kule nako kunaitwa kusoma, ni mikono ya mabibi harusi. Miaka kumi na saba alikaa mkekani pale Mtoni kwa Azizi Ali, karai la hina kushoto, kikopo cha piko, ile rangi nyeusi, kulia, akichora maua kuanzia kwenye vidole mpaka kwenye viwiko vya wasichana ambao siku ya pili yake walikuwa wanaolewa. Alijua jinsi ya kushika mkono unaotetemeka. Huubani, maana ukiubana unatetemeka zaidi. Unauweka juu ya goti lako, unauacha upumue, halafu unachora.

Magoti yalipoanza kumsumbua, ndipo akaenda kuomba kazi ya kufagia kwenye bustani moja ya nyoka huko Kijichi. Kufagia tu. Nyoka hakuwataka, wala wao hawakumtaka yeye. Lakini siku moja aliyekuwa akiwashika hakutokea, na wanafunzi wa shule wameshajipanga mstari getini wanapiga kelele, meneja anazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Somoe akaweka ufagio chini, akanawa mikono, akaingia kizimbani, akatoka na chatu begani.

"Dada Somoe!" meneja akasema kwa sauti ndogo. "Umejifunzia wapi?"

"Si mkono tu huu, bosi," Somoe akajibu. "Mrefu kidogo."

Tangu siku hiyo, ufagio akapewa mtu mwingine.

Meneja mwenyewe aliitwa Gozbert, Mhaya mnene mwenye shati linalopigwa pasi kila siku, mtu wa taratibu, anayependa kila kitu kiwe na karatasi yake. Na chatu yule aliitwa Mwali, jina alilompa Somoe mwenyewe, kwa sababu alikuwa mtulivu, anakaa ndani, haondoki mpaka atolewe. Urefu wake ulikuwa wa doti ya kanga ambayo haijakatwa. Watu walitoka Mbagala, Temeke, mpaka Mwenge huko, kuja kumvaa shingoni na kupiga picha. Somoe alikuwa na sheria zake. Kwanza unanawa kwa sabuni ya mche pale bombani, na anakuuliza mbele za watu: "Umekula kuku wewe? Umekula samaki? Usinidanganye, maana mie nitasamehe, huyu hasamehi. Akisikia harufu ya kitoweo, kitoweo ni wewe." Pili, hukamati. "Mwache apite. Wewe kuwa njia tu."

Basi mwaka uliofuata, baada ya mvua za masika, wafyeka matete wa bonde la Mzinga wakaleta chatu mwingine ndani ya gunia. Jike kama Mwali, urefu uleule, na kwa mtu asiye na haraka ya kutazama, sura ileile. Tabia ndiyo haikuwa ileile. Wiki ya kwanza alimng'ata Leodegar, mlishaji wa pale, mara mbili kwenye mkono uleule. Chatu hana sumu, lakini meno anayo, na Leodegar alitembea na bandeji mwezi mzima akiwaonyesha wageni kama nishani. Huyo wakamwita Mgeni.

Ikabidi wawatofautishe. Gozbert akataka vibao vya namba kwenye milango ya vizimba. Somoe akacheka.

"Kibao kinabaki mlangoni, bosi. Nyoka anatoka."

Akaenda nyumbani kuchukua kikopo chake cha piko. Akamgeuza Mwali mkia, upande wa tumboni palipo peupe, akamchorea nyota ndogo yenye ncha tano, safi, kama zile alizokuwa akiwachorea mabibi harusi juu ya kiganja. Leodegar akashika kiuno.

"Sasa bwana harusi yuko wapi?"

"Kuwa wewe, si tayari una bandeji?"

Kila Mwali alipojivua gamba nyota iliondoka nalo, na kila mara Somoe aliichora upya siku hiyohiyo, kabla hajatoka kizimbani mwake. Gozbert hakuupenda mpango huo. Alikuwa akimtajataja kijana mmoja wa Arusha mwenye cheti cha kushika nyoka, kijana aliyekuwa tayari kuja hata kesho. Siku moja akamtaja mbele ya watu, na Somoe akapandwa na hasira za kimyakimya, akasema neno ambalo baadaye lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki:

"Bosi, mie hata nikifungwa kitambaa machoni, Mwali wangu namjua."

"Haya," Gozbert akasema. "Siku usipomjua, namwita wa Arusha."

* * *

Mwezi wa nane, shangazi yake Somoe akafariki Kisarawe. Somoe akaenda msibani siku nne. Aliporudi ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi, na haikuwa Jumamosi ya hivihivi. Siku hiyo Kokushubila, mpwa wake Gozbert, alikuwa anaolewa, na akitoka kanisani angepita pale na mumewe kupiga picha na Mwali. Mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mbagala, na mwaka uliopita alikuja na darasa lake zima. Watoto waliporudi nyuma yeye akatoa shingo, Mwali akamlalia pale kimya kama mtandio. Akaapa mbele ya wanafunzi kwamba siku ya harusi yake atarudi na gauni.

Somoe akakuta vizimba vinang'aa. Sakafu zimesuguliwa, maji yamebadilishwa, vioo vimefutwa. Na ndani ya vizimba viwili, chatu wawili wanang'aa vilevile, ngozi mpya kabisa, utadhani wamepakwa mafuta ya nazi. Akaenda kizimba cha kulia, cha Mwali. Akamwinua mkia.

Hakuna nyota.

Hilo halikumshtua. Amejivua, basi. Akaenda cha kushoto, akachungulia. Naye amejivua. Akazitazama tena zile sakafu zilizosuguliwa.

"Leodegar!"

Leodegar akaja na ndoo, uso umejaa sifa. "Umeona usafi? Nimeosha vyote jana na juzi, kwa ajili ya bibi harusi."

"Wakati unaosha, uliwaweka wapi hawa?"

"Kwenye mapipa."

"Nani kwenye pipa gani?"

"Mwali nilimtia kwenye pipa la bluu."

"Na Mgeni?"

Leodegar akaweka ndoo chini. "Kwenye lile lingine la bluu."

Somoe akamtazama.

"Usinitazame hivyo, Somoe. Nilimrudisha kila mtu kwake. Nyota ilikuwa imeshaondoka na gamba, nikamtazama aliyekuwa mpole, nikamweka kulia."

"Na yule mwingine alikuwa mkali?"

"Yule mwingine..." Leodegar akakuna kidevu. "Mvua ilikuwa imenyesha, kulikuwa na baridi. Kusema kweli wote walikuwa wamepooza. Lakini huyu alikuwa amepooza kwa upole."

"Magamba yako wapi?"

Yalikuwa kwenye kiroba, yote mawili, yameviringishwa pamoja kama soksi. Somoe akayatandaza kwenye saruji. Moja lilikuwa na nyota, ncha tano zote, haijafutika hata moja. Akafurahi kwa muda wa pumzi moja.

"Hili lilitoka kizimba gani?"

"Niliyafagia yote pamoja," Leodegar akasema kwa sauti inayozidi kupungua.

Somoe akachukua gamba lenye nyota akalipima na nyoka wa kulia. Likamzidi. Akalipima na wa kushoto. Nalo likamzidi, maana gamba likivuliwa linavutika, kila mtu wa kazi ile anajua hivyo, na yeye mwenyewe alikuwa akiwaeleza wageni kila siku. Akabaki ameshika gamba kama mshonaji aliyekosea kipimo cha mteja.

"Madoa," Leodegar akasema. "Tazama madoa ya mgongoni. Si kila nyoka ana yake?"

Ni kweli, kila chatu ana madoa yake. Somoe akachuchumaa, akatazama, akatazama tena. Wa kulia ana doa kama jani nyuma ya kichwa. Wa kushoto ana doa kama jani lililokatika. Lakini Mwali alikuwa na lipi? Akafumba macho amwone Mwali. Akaiona nyota. Akajilazimisha kupanda juu, mgongoni, shingoni, na kote alikopita akaona nyota tu. Tangu siku aliyoichora, alikuwa akifungua mlango, anainua mkia, anaona nyota, basi. Nyoka mwenyewe hakuwahi tena kumtazama.

"Kuna jambo jingine," Leodegar akasema.

"Usiniambie."

"Ile wiki ya mwisho ya mfungo, ulipochukua likizo. Niliosha pia."

"Ukawatia kwenye mapipa."

"Nikawatia kwenye mapipa. Na walikuwa wamejivua, wote wawili. Uliporudi ukamchorea nyota yule uliyemkuta kulia."

Somoe akakaa chini kabisa, kitenge kwenye maji. Basi hata nyota yenyewe ilikuwa haina uhakika. Huenda tangu Idi alikuwa akiwavisha watu Mgeni. Wale watoto wa madrasa, yule bibi wa Buguruni aliyembusu nyoka kichwani huku wajukuu wanalia, aliwavisha nani? Na hakuna aliyeng'atwa.

"Tangu mfungo, huyu wa kushoto amekuuma?" akauliza.

"Mara moja. Siku nilipotoka kumchinjia mamba kuku, sikunawa."

"Kwa hiyo ulijiponza mwenyewe."

"Sasa aliyeniuma ni nani, Mwali au Mgeni?"

"Leodegar, mie ndiye ninayekuuliza!"

Akanawa mikono mara mbili, akaingia kulia. Chatu akamfyonya kwa sauti, fyuuu, kisha akampandia mkononi akaingiza kichwa ndani ya mkono wa gauni kutafuta joto, kama alivyofanya Mwali siku zote. Moyo ukamtulia. Akamrudisha, akaingia kushoto. Huyu hakufyonya. Alimtazama sana, akatulia, kisha akampandia mkononi akaingiza kichwa ndani ya mkono wa gauni kutafuta joto.

Somoe akatoka, akafunga milango yote miwili, akasimama katikati akiwa hajui hata ageukie upande upi.

* * *

Saa tisa na robo matarumbeta yakasikika yanapinda kona kutoka Kilwa Road. Gari la muziki mbele, la maharusi nyuma limejaa maua, na nyuma yake msururu wa honi. Gozbert akashuka amevaa suti, leo si meneja, leo ni mjomba, anatabasamu mpaka masikioni.

"Dada Somoe, mlete Mwali. Mwanga wa jua ndio huu, mpiga picha anasema tusichelewe."

Mpiga picha, Twaha, alikuwa tayari amepiga goti kwenye nyasi. Bwana harusi, Elibariki, alikuwa amesimama nyuma kabisa ya mkewe, jasho linamtoka kwenye kola.

"Baby, si tupige na kobe?" akanong'ona, lakini kila mtu akasikia.

"Kobe ana picha gani?" Kokushubila akamjibu. "Wewe ndiye uliyesema mbele ya padri kwenye shida na raha."

"Padri hakutaja chatu."

Watu wakacheka. Somoe hakucheka. Alimwongoza bibi harusi mpaka bombani, akammiminia maji, akampa sabuni. Mikono ile ilikuwa imechorwa piko, maua mpaka kwenye viwiko, na aliyechora alikuwa na haraka, ua la kidole gumba limepinda. Kwa mazoea tu, Somoe akaushika ule mkono asiubane. Haukutetemeka hata kidogo.

"Shikamoo, mama. Hukunikumbuka?" Kokushubila akasema. "Mie na Mwali tunajuana. Alinilalia hapa." Akagusa shingo yake, pale gauni jeupe lilipokuwa wazi, juu kidogo ya ushanga.

Somoe akatazama pale alipogusa. Angeweza kunyamaza. Kunyamaza kulikuwa rahisi sana: anaingia kizimba chochote, anamtoa yeyote, na pengine, pengine sana, hakuna linalotokea, kama ambavyo halikutokea tangu Idi. Na akisema, wa Arusha anaingia Jumatatu, na yeye anarudi mkekani na magoti haya. Aliufikiria mkeka. Akaufikiria na ule mshipa wa shingoni uliokuwa ukipiga taratibu chini ya ushanga.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nakukumbuka wewe. Ila Mwali simjui."

"Humjui vipi?"

"Wako wawili. Mmoja mpole, mmoja alishauma watu. Wamejivua, wamechanganyika, na alama yangu imeondoka. Nimehangaika nao tangu asubuhi. Sijui yupi ni yupi."

Matarumbeta yakakatika, kwanza moja, kisha yote. Gozbert akaja akitembea haraka kwenye viatu vipya.

"Unasema nini wewe?"

"Nasema, bosi, niliapa kwamba hata nikifungwa kitambaa nitamjua. Leo sijafungwa kitambaa, na bado simjui."

"Leo? Unaniambia leo, mbele ya ukoo mzima? Kijana wa Arusha angejua!"

"Angejua vipi, bosi," Leodegar akadakia kutoka nyuma ya ukuta wa mamba, "wakati mie niliyewabeba mwenyewe sijui?"

"Leodegar, nyamaza!"

"Bwana asifiwe," Elibariki akasema kwa moyo wake wote, na safari hii hata matroni akacheka mpaka akashika kilemba.

Kokushubila hakuwa akicheka. Alikuwa ameinamia simu yake. "Subirini. Picha ya mwaka jana ninayo. Ndiye huyu, Mwali mwenyewe."

Wakainama wote juu ya simu, Somoe, Leodegar, Gozbert na suti yake. Kwenye picha bibi harusi alikuwa bado mwalimu, anacheka, chatu shingoni, na mkono wa mtoto mmoja umejitokeza kutoka pembeni ukafunika nusu ya shingo ya nyoka.

"Hilo ni jani zima," Gozbert akasema. "Ni wa kulia."

"Limekatika, bosi, ona pale," Leodegar akasema. "Wa kushoto."

"Hicho ni kidole cha mtoto!"

"Basi kidole kimekaa juu ya pale lilipokatika."

Somoe akaisogeza simu karibu, akaisogeza mbali. Akiambiwa jani zima, aliona jani zima. Akiambiwa limekatika, aliona limekatika. Akairudisha simu kwa mwenyewe.

"Mie bado sijui," akasema.

Kokushubila akafikiri, vidole vyenye piko vikigongagonga ukingo wa bomba.

"Mama, katika hao wawili, wewe unaweza kumvaa yupi?"

"Mie? Yeyote. Nimewavaa wote asubuhi."

"Basi mvae mmoja. Simama katikati yetu, kichwa cha nyoka kiwe kwako. Mie nishike mkia."

"Na mie?" Elibariki akauliza.

"Wewe uwe mume."

Somoe akaenda. Mbele ya vile vizimba viwili alisita sana, mpaka watu wakaanza kukohoa, maana hata kuchagua kulimshinda. Mwishowe akamtoa wa kushoto, kwa sababu mkono wake wa kushoto ndio uliokuwa karibu na komeo. Akamweka begani, akakishika kichwa kwa kiganja kilicho wazi, akasimama kwenye nyasi na kitenge chake cha kazi kilicholowa chini, katikati ya gauni jeupe na suti ya bluu. Kokushubila akainua mkia kwa mikono miwili kama anayepokea zawadi. Twaha akaanza kubofya.

"Mama, tabasamu!"

Lakini Somoe hakuweza, alikuwa akimtazama nyoka usoni. Macho madogo, ulimi unaingia na kutoka. Wewe ni nani, alikuwa akimuuliza moyoni. Wewe ni nani wewe?

Dakika tano, sita. Chatu akapitisha kichwa chini ya kwapa la Somoe, akatulia. Elibariki akasogea hatua moja, akatoa kidole kimoja, akagusa, akakirudisha upesi. Kisha akakitoa tena.

"Kumbe mkavu!" akasema kwa mshangao mkubwa. "Mie nilidhani anateleza."

* * *

Jumapili na Jumatatu Gozbert hakusema neno naye. Alipita, akaitikia salamu, akaingia ofisini akafunga mlango. Somoe akasikia anazungumza kwa simu, akasikia na neno "cheti", akaendelea na kazi akisubiri kuitwa. Alipika chai yake, akanywa, hakuitwa.

Piko hakuipaka tena. Kila asubuhi, kabla ya geti kufunguliwa, aliweka kigoda mbele ya vizimba, akakaa na daftari la mjukuu lililobaki kurasa chache, akachora. Doa baada ya doa, kuanzia nyuma ya kichwa kwenda mkiani, pale jani, pale mkufu, pale kama ramani ya mahali asipopajua. Mkono uliochora maua miaka kumi na saba haukupata taabu. Taabu ilikuwa kuandika juu ya ukurasa. Aliandika "Kulia" na "Kushoto", akafuta, maana kesho wanaweza kubadilishana tena. Akaacha pembe ya juu wazi.

Jumanne alihisi mtu amesimama nyuma yake. Alikuwa Gozbert, ameshika shati lisikunjike, anatazama daftari, kisha nyoka, kisha daftari.

"Hili doa umelisahau," akasema, akaonyesha.

"Nilikuwa nakuja nalo, bosi."

Akaondoka. Jumatano asubuhi Somoe alikuta juu ya kigoda daftari jipya kubwa, kurasa zisizo na mistari, na penseli mbili zilizochongwa. La kijana wa Arusha halikutajwa tena, si siku ile wala wiki ile, na Somoe hakuuliza.

Ile picha ya harusi Kokushubila aliitengenezea fremu akaileta, ikatundikwa getini. Bibi harusi anacheka, bwana harusi ametoa kidole, na katikati yao mwanamke wa makamo anamtazama chatu kwa uso wa mtu aliyesimamishwa njiani na ndugu asiyemkumbuka. Wageni wanapenda kuisimamia.

Juzi mtoto mmoja wa kike wa Mtongani aliitazama, akamtazama Somoe, akamtazama chatu aliyekuwa begani mwake.

"Bibi, huyu anaitwa nani?"

Somoe akamgeukia chatu usoni.

"Bado tunajuana," akasema. "Nenda kanawe mikono kwanza. Umekula kuku?"